Maji Juu ya Jiwe la Mama

Hasira yangu ina mahali pake. Inakaa jikoni kwa mama, hapa mjini Baraka kando ya ziwa, kwenye jiwe la kijivu lenye ufa katikati. Kila ninapoingia kumsalimia naliona, na kila ninapoliona damu inanipanda. Wenzangu wa kwaya wananiambia nisamehe, mambo yamepita, yule ni mzee wangu. Naitikia amina. Halafu naenda kwa mama, naliona jiwe, na hasira inaanza upya.

Asiyetujua atadhani ni jambo dogo. Mtu mzima, mwalimu wa shule, amenuniana na baba yake mkubwa kwa ajili ya jiwe! Basi acha nieleze jiwe lenyewe kwanza, kisha uamue kama nina wazimu.

Nyumbani tunaliita jiwe la sabuni, kwa sababu ukilipapasa linateleza vidoleni kama limepakwa mafuta. Utotoni mdogo wangu aliwahi kujisugua mgongo kwa kipande chake pale ziwani, akasimama kungoja povu. Ni laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama na msumeno wa mbao unalikata. Lakini likishika moto haliuachii upesi, na hapo ndipo linapopita mawe mengine yote ninayoyajua. Mawe ya mtoni na ya ufukweni ukiyatia kwenye moto mkali yanaruka vipande, yanaweza kumtoa mtu jicho. Hili linakaa kimya, linameza joto, na moto ukishazimika linaanza kulirudisha kidogo kidogo.

Baba ndiye aliyelileta, zamani, wakati amemwoa mama juzijuzi. Mama alitaka kuoka mikate ya kuuza. Fundi mmoja wa sokoni akawatengenezea jiko la chuma la kuni: alikata pipa, akalitia miguu na mlango, na nusu iliyobaki ikawa kifuniko. Jiko lilipendeza, lakini mikate ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Chuma kina kiherehere. Kinapata moto haraka, kinapoa haraka, na mkate unatoka chini makaa, juu unga mbichi. Mama anasema waliila ile mikate wenyewe, wao wawili, na baba aliisifu kila asubuhi bila kucheka.

Kisha baba akasikia habari za kilima kimoja nyuma ya barabara ya kwenda Fizi, ambako jiwe hilo linachomoza ardhini na watu wanalichonga wanavyotaka. Akaazima baiskeli, akachukua msumeno, akapotea. Aliporudi alikuwa anasukuma baiskeli, gurudumu la nyuma limelala, na jiwe limefungwa kwa kamba za mpira juu ya kiti. Alikuwa amekata ubao mmoja mnene wa jiwe hilo, wa kuweka juu ya moto kama meza, na mbao mbili nyembamba za kukinga chuma pande zote mbili. Upande wa chini wa ule ubao mnene alama za msumeno wake zipo mpaka leo. Zinakwenda mshazari, kwa sababu baba alikuwa mvuvi, si mchongaji, na mkono wake haukuzoea kazi ile.

Tangu siku hiyo chuma kikawa gamba tu. Jiko lenyewe lilikuwa jiwe. Mama aliwasha kuni kabla ya kucha, akaziacha ziwake mpaka ziwe makaa. Halafu alirusha unga kidogo, ncha ya vidole tu, juu ya jiwe. Unga ukigeuka mweusi papo hapo, alingoja. Ukibaki mweupe, aliongeza kijiti. Ukiwa rangi ya asali, alipanga madonge yake juu ya jiwe bila kitu chochote katikati, akafunika na lile pipa, akaweka makaa juu ya kifuniko, akaenda kufagia uwanja. Hakuhitaji saa. Mikate iliiva kwa joto la jiwe, na ilipotoka, jiwe bado lilikuwa na nguvu ya kupika maharage yetu na kuchemsha maji ya baba ya kuoga anaporudi ziwani.

Mimi nimesomeshwa na jiwe lile, na wadogo zangu pia. Baba alivua, ndiyo, lakini ziwa lina siku zake, na zile siku ambazo mtumbwi ulirudi mtupu tulikula kwa sababu mama alikuwa ameuza. Ninapomsikia mtu akisema “jiwe ni jiwe tu,” nataka kumshika sikio kama mtoto wa darasa la kwanza.

Vita vilipofika upande wetu, kila nyumba ilichimba shimo. Watu walizika cherehani, sahani, mabati, redio. Baba alichimba nyuma ya jiko, katikati ya muhogo, akazika jiwe na vipande vyake. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye baba yangu mkubwa, alipita akamkuta anafukia, akacheka mpaka akashika kiuno. Alimuuliza ni mwizi gani atakayebeba jiwe. Baba akamjibu kwamba hamfichi mwizi, analiacha tu udongoni litulindie nafasi yetu mpaka turudi. Tulivuka ziwa kwenda Kigoma, tukakaa kambini miaka ambayo sipendi kuihesabu, na miaka yote hiyo mama hakuoka mkate hata mmoja. Alipika kwenye jiko la udongo kama wengine na kila mara alisema joto la kule halina akili.

Tuliporudi nyumba haikuwa na paa. Jiko la chuma limeibiwa, milango imeibiwa, hata misumari imeng'olewa. Baba alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akachimba palipoota magugu, na jiwe likatoka zima, baridi, na minyoo juu yake. Mama alilifuta kwa kanga aliyovaa. Fundi alipokuja kutengeneza jiko jipya, mama hakumwachia aje na vipimo vyake. Alimwonyesha jiwe, akamwambia akate chuma kulifuata.

Huyo ndiye jiwe ninayemsema. Namwita huyo, naam, kama mtu, na mwenye kunisahihisha anisahihishe.

Baba alianza kuugua mwaka juzi. Miguu yake ilikuwa baridi hata mchana wa jua kali, huku sisi wengine tukijipepea. Kulikuwa na kipande kidogo kilichobaki wakati wa kukata lile jiwe. Mama alikiweka kwenye makaa kidogo, akakifunga katika kitenge cha zamani, akakisukuma chini ya nyayo za baba. Baba alifumba macho akasema, “Kumbe nilijikatiaka dawa.” Nilikuwepo, nilimsikia. Alifariki mvua za masika zikiwa zimeanza, na kile kipande kilikuwa bado kina uvuguvugu mama alipokitoa.

Sasa tunafika kwenye matanga, na hapa naomba nipumue kwanza.

Katika ukoo wa baba, mtu akifa, wazee wa ukoo huwasha moto uwanjani, wa magogo makubwa, na moto huo haulali mpaka matanga yaishe. Wanaume huuzunguka, wanakunywa chai, wanakumbushana mambo ya marehemu. Siku ya mwisho mkubwa wa ukoo huuzima kwa maji, majivu yanachotwa yanapelekwa ziwani, na hakiachwi kijiti chochote kinachofuka, ili kifo kisije kikaota tena moto wa nyumba hiyo. Sina ugomvi na desturi hiyo. Nimeiona kwenye nyumba nyingi, na kuna faraja yake, kwa sababu unajua kwa macho yako kwamba kilio kimekwisha.

Lakini katikati ya matanga yetu mvua ilinyesha ya kung'oa miti. Hema lililotandazwa uwanjani lilijaa maji likaanguka. Wanaume walikimbilia barazani, wengine wakaushikilia moto kwa mabati juu yake usizimike. Jikoni kulikuwa na wanawake wengi na masufuria makubwa ya kulisha watu, na viberiti vyote vimelowa. Mama mmoja wa jirani akachukua koleo, akatoka mbio, akachota makaa ya moto wa uwanjani, akayaingiza kwenye jiko la mama. Hakuna aliyewaza lolote. Watu walikuwa na njaa. Tangu hapo jiko halikuzimika. Maharage yalifuatwa na bugali, ugali wetu, bugali ikafuatwa na chai, na jiwe likapata moto ambao sidhani kama lilikuwa limewahi kuupata.

Wakati huohuo baba mkubwa, aliyetoka Mboko na wanawe, alikuwa anafanya mkutano wake pembeni. Mdogo wake hata hajapoa kaburini, yeye anagawa. Waliamua kwamba mjane hawezi kukaa nyumba ile bila mwanamume. Ataondoka, atakwenda Mboko kwenye uwanja wa baba mkubwa, atapewa chumba nyuma ya nyumba. Na nyumba yetu, ile tuliyoipaua sisi tuliporudi, ataingia kijana wake aliyeoa juzi na hana pa kukaa. Waliyasema haya kwa sauti ya huruma kabisa, kama wanampa mama zawadi.

Walikuja kumwambia akiwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Mama alimsikiliza shemeji yake mpaka mwisho. Baba mkubwa akamalizia kwa swali ambalo alilipenda sana, maana alilirudia siku zote zile: “Mi nauliza tu. Muke peke yake, bwana hayuko, hapa Baraka. Utakula nini?”

“Nitakula mukate yangu, shemeki,” mama akasema. “Jiwe yangu ikiwa moto, nakula.”

Ni hilo tu. Wazee wengine walitazamana, mmoja akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa ameshakula mkate ule. Mwanamke anayejilisha huwezi kumhamisha kwa kisingizio cha kumlisha. Baba mkubwa aliondoka pale mkekani akiwa amekunja uso, na mimi nikadhani jambo limekwisha.

Siku ya mwisho ilikuwa ya jua. Mchungaji aliomba, tukaimba, baba mkubwa akaletewa jagi la maji. Aliumwagia moto wa uwanjani kwa utaratibu mzuri, kidogo huku, kidogo kule, akisema maneno ya kumuaga mdogo wake. Vijana wakachota majivu. Watu wakaanza kukunja mikeka. Hapo ndipo aliinua macho akaona moshi unatoka jikoni, akauliza ule moto umetoka wapi. Yule jirani, maskini, akasema ukweli, kwamba ni makaa aliyoyachota uwanjani siku ya mvua.

“Basi ule nao ni moto ya matanga,” baba mkubwa akasema. “Mutoto ya moto ni moto. Tutauzima.”

Mama aliinuka mkekani. Alikuwa hajasimama mbele ya wazee tangu matanga yaanze. Alimwomba, kwa sauti ya chini, kwamba atatoa makaa yote mwenyewe, yatandazwe uwanjani, ayamwagie huko anavyotaka, na jiwe liachwe lipoe lenyewe kwa sababu lina moto wa siku nyingi. Ombi hilo hata mtoto angelielewa. Makaa yangekufa, desturi ingetimia, jiwe lingepona. Baba mkubwa akasema moto unazimwa pale unapowaka, si pengine, na kwamba hakuja kufundishwa matanga na mwanamke. Wazee wengine waliangalia chini. Wote, mmoja mmoja, waliangalia chini, na wao pia nimewawekea nafasi katika hasira yangu.

Akaagiza maji. Na hapa ndipo ninapowauliza wale wanaoniambia alikosea kwa bahati mbaya: moto wa uwanjani, wa magogo, aliuzima kwa jagi. Kwa nini moto wa jikoni, ulio mdogo, alitaka ndoo?

Alifungua kifuniko, akamwaga ndoo nzima kwa mara moja juu ya jiwe. Mvuke ulijaa jiko lote, tukarudi nyuma tukikohoa. Ndani ya mvuke jiwe lilitoa mlio mmoja, mfupi, mkavu. Mama alishika mdomo. Hewa ilipotulia tuliona ufa umepita toka ukingo mmoja hadi mwingine, na vipande viwili vimeachana upana wa kidole. Chuma chini yake kilikuwa kimejikunja.

Baba mkubwa alitazama ufa ule kwa muda. Kisha akafuta mikono yake kwenye suruali, akamgeukia mama, na akauliza tena. Naapa aliuliza tena. “Sasa, utakula nini?”

Sikumbuki nilivyofika mbele yake. Mimi kazi yangu ni kupaza sauti mbele ya watoto sitini, kwa hiyo sauti ninayo, na siku hiyo niliitoa yote. Nilimwambia baba alilikata jiwe lile kwa mikono yake, na yeye amekuja kuvunja kitu cha mwisho ambacho mikono ya mdogo wake ilikifanya. Nilimwambia alicheka likizikwa na sasa amelivunja likiwa zima, na kwamba vita vyenyewe vilituachia jiwe, ila yeye hakutuachia. Nilimwambia kama anataka nyumba aseme nataka nyumba, asijifiche nyuma ya maji ya marehemu. Watu walikuwa wamesimama uwanja mzima, na mikeka yao kwapani.

Bila shaka kosa likawa langu. Mtoto wa kike kumpigia kelele baba mkubwa siku ya kuzima moto! Wazee walewale waliokuwa na macho chini sasa wakapata macho ya kunitazama. Waliketi tena, wakasema sitatoka uwanja ule mpaka nipige magoti niombe radhi, la sivyo laana ya ukoo itanifuata mimi na watoto wangu. Nikasema sipigi. Nilikuwa tayari kulala palepale na laana yao.

Ni mama aliyekuja kunishika mkono. Aliniinamia sikioni.

“Piga magoti, mwanangu,” akasema. “Magoti haipasukake. Huyu akienda na kasirani atarudia leo na gari. Mi nataka siku kidogo.”

Nikapiga magoti. Baba mkubwa aliniwekea mkono kichwani akanisamehe. Yeye, mimi! Alinisamehe kwa maneno marefu, akanibariki, akaomba soda. Alimwambia mama afunge vitu vyake polepole, atarudi baada ya siku ya soko kubwa na gari la kumchukua. Ule mkono wake kichwani mwangu ulikuwa bado una unyevu wa ile ndoo.

Walipoondoka nilitaka tuwashe moto mkubwa siku hiyohiyo. Nilitaka mikate itoke kesho yake, ipelekwe mpaka Mboko na pikipiki, imwangukie miguuni. Mama alisema hapana. Alivitoa vile vipande viwili kwa mikono yake, akavisimamisha ukutani pembeni ya jua, si kwenye jua lenyewe. Akaniambia jiwe limekunywa maji, na ukilipa moto na maji yamo ndani yake litapasuka tena, safari hii vipande vya kutupa. Ndivyo baba alivyomfundisha lilipotoka kilimani, kwani hata wakati ule lilikuwa na unyevu wa ardhi. Linakaushwa na moto wa vijiti vya muhogo, mdogo, wa kuota mikono tu, leo, kesho na keshokutwa, mpaka lenyewe likubali.

Nilikaa pale nikimwangalia mjane akibembeleza jiwe kwa vijiti huku siku zinakwisha. Nilikuwa nawaka kuliko jiko. Nilikuwa natoka shule, sijala, nakwenda kumkuta amechutama anaongeza kijiti kimoja, anaweka kiganja juu ya jiwe, anasikiliza. Nilimwuliza kama anajua gari linakuja. Alisema anajua. Nilimwuliza kama haoni hasira. Aligeuka akanitazama vizuri, akasema hasira anayo, ila hana mahali pa kuiweka mpaka jiwe likauke.

Fundi alikuja akanyoosha chuma. Akachukua duara la mdomo wa pipa la zamani, akalikata, akalifunga kuzunguka vile vipande viwili kama mkanda na kukaza kwa nati. Mama alijaza ufa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu. Jiwe likarudi mahali pake. Ufa ulibaki unaonekana, mstari wa kina cha ukucha, kwa sababu udongo ulishuka kidogo ulipokauka. Nilimshauri mama aache nafasi pale katikati, apange madonge huku na huku, mikate isije ikatoka na alama. Mama akarusha unga wake. Ukawa rangi ya asali. Akapanga madonge kila upande, halafu akachukua moja na kuliweka juu kabisa ya ufa, akalisawazisha kwa kiganja. Nikadhani hakunisikia.

Gari lilikuja asubuhi, soko kubwa limepita, kama baba mkubwa alivyosema. Lori dogo, na kijana wake nyuma, na kamba za kufungia vitanda. Baba mkubwa alishuka, akasimama. Uwanjani kulikuwa na wanawake wanangoja na mabeseni yao, wa kuuza sokoni na wa kando ya barabara, kama zamani. Walikuwa wamesikia jiko linafuka, wakaja bila kuitwa. Harufu ilikuwa imefika mpaka njiani. Mama alitoka jikoni na sahani, mkate mmoja juu yake, akamkaribisha shemeji yake kwa magoti, kama inavyotakiwa.

Baba mkubwa aliupokea. Angefanya nini, mbele ya watu wote wale? Aliugeuza, kama wanavyofanya wote wanaojua mkate wa mama, kuona chini umeivaje. Chini yake palikuwa na mstari ulionyooka, umeinuka kidogo, toka ukingo hadi ukingo.

“Huu mustari ni ya nini?” akauliza.

“Ni pale maji yenu ilipita, shemeki,” mama akasema. “Karibuni mukule.”

Hakuna aliyecheka, wanawake wa Baraka wana adabu yao. Baba mkubwa aliula mkate ule akiwa amesimama. Hakuuliza mama atakula nini. Alizungumza habari za barabara, akalalamikia madaraja, na lori likarudi Mboko na kamba zake. Kijana wake amejenga kwao sasa, nasikia nyumba nzuri.

Mngedhani hapo ningetulia. Sikutulia. Jiwe lililofungwa mkanda si jiwe zima. Linapoteza joto pale katikati, mama anatumia kuni zaidi kuliko zamani, na kila msimu wa mvua analitoa kulikausha kwa vijiti, kazi ambayo hakuwa nayo. Mwanamke wa umri wake! Siku moja mkanda utakatika au ufa utapata mtoto, na kilima kile siku hizi hakina usalama, si mahali pa kwenda na baiskeli na msumeno. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba yaliisha vizuri. Alama za msumeno wa baba chini ya jiwe zimekatwa katikati na ufa, na mimi ndiye ninayeligeuza, mimi ndiye ninayeziona.

Baba mkubwa bado anakuja Baraka kwa shughuli zake, na akija anapita kwa mama, maana ni ukoo, na maana mkate wa asubuhi huwezi kuupita njiani. Kila anapokuja mama anampa ule wa katikati. Ana mikate sahani nzima, anaichambua kwa vidole mpaka aupate. Mara ya mwisho nilikuwepo, nikichemsha chai. Mzee aliugeuza kama kawaida yake, akauona mstari. Kisha akasema, kama mtu anayetania, kwamba yeye ni mgeni wa heshima lakini kila siku anapewa wenye kovu.

“Hakuna ingine?” akauliza.

“Iko mingi, shemeki,” mama akasema. “Lakini ile ni ya batu ya soko. Hii ni yenu. Mulitengeneza munyewe.”

Nikammiminia chai, nikasimama palepale nikimtazama mpaka alipoumaliza wote.